Kibuyu Kilichokaa Moshini

Bi Shamsia alikigonga kibuyu cha Deogratius kwa kifundo cha kidole, akakitegea sikio, kisha akamrudishia kama mchuuzi anavyorudisha noti iliyochanika.

"Hiki bado kibichi," alisema.

"Kimekauka, Bi Shamsia. Nimekinunua sasa hivi hapo sokoni, muuzaji kaniapia."

"Kimekauka nje. Ndani kina maji yake bado. Ukikifunga kwenye zeze kitakohoa, hakitaimba." Akawageukia wanafunzi wengine waliokaa kwenye mabenchi ya shule, kila mmoja na kibuyu chake mapajani. "Nilitangaza tangu mwanzo. Nataka kibuyu cha zamani, kilichokaa moshini mpaka kikasahau kwamba kiliwahi kuwa mmea. Mwenye jiko la kuni kwao hakosi."

Wanafunzi walicheka. Deogratius naye akacheka, maana mtu mzima akichekwa mbele za watu, njia rahisi ni kuungana na wanaomcheka. Lakini roho ilimuuma. Tamasha la ngoma na ala za asili lilikuwa limejaza uwanja ule wa shule pale Korogwe: huku wacheza ngoma wamefunga njuga miguuni, kule wakaanga mihogo, katikati maturubai ya mafunzo. Yeye alikuwa amepita tu akitafuta kibarua. Akaingia turubai la zeze ili akwepe jua, na sasa hakutaka kutoka.

Asubuhi hiyo Bi Shamsia alikuwa amemwazima zeze lake. Mdomo wa kibuyu ulimgusa kifuani, akakwanyua uzi mmoja, na sauti ikamwingia mwilini kabla haijafika masikioni. Deogratius alikuwa saidia fundi, mtu wa kubeba zege na kuambiwa aharakishe. Hakuna kitu kilichowahi kumjibu namna ile.

"Kesho njoo na kingine," alisema Bi Shamsia. "La sivyo utakaa utazame wenzako."

Kibuyu cha zamani alikijua kilipo.

Kilining'inia juu ya mafiga jikoni kwa mkewe, kijijini kwao nje kidogo ya Handeni, cheusi kwa masizi, kimejaa kunde za mbegu zilizochanganywa na majivu. Mdomo wake ulizibwa kwa gunzi na kukandikwa samadi, mdudu asipate pa kupenya. Kunde hizo ndizo zilizoilisha familia ile tangu babu alipoacha kukata mkonge akaanza kulima. Mahindi yakikauka, na mahindi ya Handeni hayachoki kukauka, kunde zile hubaki.

Kwa miaka mingi kibuyu kilikuwa cha mama yake, Bibi Emiliana. Baada ya mavuno yaliyopita tu ndipo bibi yule, macho yakiwa yameingia mtoto wa jicho, alipomwita mkwewe Yusta mbele ya majirani akamkabidhi. "Kuanzia leo mbegu ni zako," alimwambia. "Utakifungua wewe, mvua ya kwanza ikinyesha, si kabla." Yusta alipiga magoti akakipokea kwa mikono miwili. Katika nyumba ile mwanamke hakuhesabiwa mwenye nyumba siku ya harusi wala siku ya kujifungua. Alihesabiwa siku aliyopewa kibuyu, na Yusta alikuwa amengoja mpaka mtoto wao Dominiko akaenda kusoma Hale kwa mjomba wake.

Deogratius aliyajua yote hayo. Tusimtetee.

Alifika nyumbani jua likiwa bado juu. Yusta alikuwa ameteremka kisimani, mama amelala. Alikishusha kibuyu, akakwangua samadi kwa kisu, akamwaga kunde kwenye ungo. Majivu yakapeperuka jiko zima. Kunde akazitia kwenye kile kibuyu kipya, akazibia gunzi lilelile, akakandika udongo kwa kuwa samadi haikuwa karibu, kisha akakipaka masizi ya sufuria mpaka kikafanana na mwenzake. Alijiambia kwamba kibuyu ni kibuyu, na mbegu ni zilezile. Mtu akitaka kujidanganya hakosi hoja.

"Umerudi?" Yusta aliingia na ndoo kichwani. "Vipi Korogwe, umepata kazi?"

"Nimepata. Tunachimba msingi. Kesho naondoka alfajiri, nitalala hukohuko mpaka tumalize."

"Mbona una majivu kwenye nywele, Baba Dominiko?"

"Vumbi la barabarani."

Yusta alitua ndoo, akamfuta kichwa kwa pindo la kanga. Deogratius alisimama ametulia kama mtoto anayefutwa na mama yake, akitazama sakafu, akiomba asione unga wa majivu uliobaki kwenye ungo.

Safari hii Bi Shamsia alipogonga, kibuyu kilimjibu.

"Hiki ndicho," alisema, na uso wake mkali ukalegea. "Umekitoa wapi?"

"Nyumbani."

"Mwenyewe kakubali?"

"Mwenyewe ni mimi."

Deogratius akakikata shingo kwa msumeno mdogo. Kunde kiasi cha kiganja, zilizoganda na majivu kwenye kitako, zikamwagika chini. Bi Shamsia aliziokota moja moja, akazifunga kwenye pindo la kanga yake, kwa sababu yeye alikuwa mtu asiyeacha chakula kwenye vumbi. Deogratius aliona, akaendelea kufuta msumeno.

Zeze lilikuwa kitu rahisi kukitazama: ubao mwembamba wenye vinundu vitatu vya kubonyezea, nyuzi za waya wa breki za baiskeli, kibuyu kimefungwa chini. Kulipiga ndiko kulikokuwa kazi. Ukikibana kibuyu kifuani sauti inajifungia, ukikiachia inatoka, na vidole lazima viendelee na wimbo bila kuyumbishwa na kifua. Wengine waliacha wakaenda kwenye mihogo. Deogratius hakuacha. Alibonyeza mpaka ncha za vidole zikatoka malengelenge, akalala kwenye darasa tupu pamoja na wageni wengine, akaamka akabonyeza tena. Alikuwa na furaha, na furaha hiyo ilikuwa na doa, kwa sababu kila alipokibana kibuyu kifuani kilimnukia jiko la Yusta.

Siku ya kufunga tamasha kila mwanafunzi alitakiwa kupiga mbele ya watu na kuimba maneno yake mwenyewe.

"Zeze halipigwi bubu," Bi Shamsia aliwaambia. "Mpiga zeze husema lililo lake. Huyu kasema mbuzi wake kaibiwa, yule kasema mwenye nyumba anamsumbua kodi. Wewe wa Handeni una lipi?"

"Mimi sina."

"Mtu mzima asiye na lake?"

Alipiga bila kuimba. Watu walimpigia makofi, mama mmoja akampigia na vigelegele. Bi Shamsia hakupiga makofi. Alipokuwa akimsaidia kulifunga zeze ndani ya kiroba alimwambia, "Vidole unavyo. Na maneno unayo, ila umeyakalia."

Zeze hakulifikisha nyumbani. Alilificha kwa rafiki yake Semboja, fundi baiskeli pale Handeni mjini, ambaye ndiye aliyempa zile waya. Jioni Yusta alimshika mkono akauelekeza kwenye mwanga.

"Msingi gani huu unaochubua ncha za vidole?"

"Tulikuwa tunafunga nondo. Waya ule unakata."

"Na pesa?"

"Tajiri hajalipa."

"Watu wana roho mbaya," alisema Yusta. Akabandika maji, akatia chumvi, akamkalisha kwenye kigoda na kumloweka vidole kimoja kimoja, akipuliza. Chumvi iliuma, lakini haikuuma kama kule kupulizwa.

Mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha asubuhi, ikaacha harufu ya udongo na kelele za watu wanaotafuta majembe. Yusta alivaa kanga yake ya kanisani. Kwa kuwa ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua, wanawake majirani walikuja kushuhudia, akiwemo Kudra wa nyumba ya pili, mwanamke mwenye kicheko cha karibu. Bibi Emiliana alikaa mlangoni kwenye mkeka. Deogratius alisimama nyuma, ameshika jembe.

Yusta alibandua udongo, akachomoa gunzi. Harufu ilitangulia, ya uvundo, kama ya nguo zilizosahaulika majini. Alipokiinamisha kibuyu kwenye ungo, kwanza vilitoka vidudu, vikitembea taratibu kama wenye nyumba, kisha ukatoka unga, kisha kunde zenyewe, nyingine zimetoboka, nyingine zimeota ukungu wa kijani na kushikamana mabonge.

Wanawake walitazamana.

"Mbona kimya?" aliuliza Bibi Emiliana. "Nipeni."

Akapewa ungo, akapitisha vidole, akavinusa. Kisha akadai kibuyu. Alikizungusha viganjani, akakipapasa shingo, akakipapasa kitako, akarudia kitako.

"Hiki si kibuyu changu," alisema. "Changu kina kinundu hapa chini. Nimekishika miaka mingi kuliko nilivyomshika mtoto yeyote. Umekipeleka wapi, Mama Dominiko?"

"Mama, mimi sijakigusa. Tangu uliponipa hakijashuka."

"Kwa hiyo kimejibadilisha chenyewe."

Kudra aliziba mdomo kwa kanga, lakini mabega yalimchezacheza.

"Ulikivunja," aliendelea bibi kwa sauti ya chini, na sauti hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya. "Ulikivunja, au ulikiuza kwa wale wanaopita kununua vitu vya kale. Ukanitilia mbegu kwenye kibuyu kibichi ukasema huyu haoni. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako."

Yusta aligeuza kichwa akamtazama mumewe. Hakuwa akitafuta ukweli kwake, maana hakujua kama anao. Alitaka jambo dogo tu. Alitaka aseme, mke wangu si mwongo.

Deogratius alifungua mdomo. Ulimi ulikuwa mzito kama umekandikwa udongo. "Basi," alisema, "tutatafuta mbegu nyingine."

"Umemsikia mumeo," alisema Bibi Emiliana. "Hata yeye hakutetei."

Wanawake wakaondoka mmoja mmoja, wakiaga kwa adabu kubwa kuliko kawaida. Bibi akanyoosha mkono, akadai ufunguo wa stoo. Yusta aliufungua kwenye pindo la kanga akampa.

Mbegu ile haikuuzwa dukani. Siku zilizofuata Yusta alibeba bakuli akapita nyumba kwa nyumba kuomba, maana ardhi iliyoloa haimsubiri mtu. Wengine walimpa konzi. Wengine walimwambia arudi kesho. Kudra alimpa kunde nyekundu za sokoni, akamsindikiza na maneno: "Hizi nazo usizipike, shoga." Kisimani wanawake walikuwa na jina jipya, mla mbegu, na walilitamka wakitazama ndoo zao.

Nyumbani Yusta hakulia wala hakugomba. Alimpakulia mumewe ugali, akamnawisha mikono, akakaa mbali. Ingekuwa afadhali angemtukana. Deogratius alianza kula nusu na kusema ameshiba, akaanza kuchelewa kurudi, na alipolala alilala amegeukia ukutani.

Alikwenda kwa Semboja, akalitoa zeze kwenye kiroba. Akapiga kidogo, akaacha.

"Mtani, unalipapasa kama unamwosha marehemu," alisema Semboja, akizungusha gurudumu. "Una nini?"

Deogratius akamweleza. Semboja, ambaye hakuwahi kuacha utani hata msibani, aliweka spana chini.

"Sasa si useme."

"Nitasemaje?"

"Kwa mdomo, Deo. Kwani wengine husema kwa nini?"

Lakini aliporudi alikuta jambo limekua. Bibi Emiliana alikuwa ametuma watu kwa kaka yake: mkwe apelekwe kwao Kerenge, wazee wa pande zote wakae, wamuulize huko mbegu ilikokwenda. Yusta alisikia hukumu hiyo akiwa anafagia. Alimaliza kufagia.

Ndipo Deogratius alipokumbuka kile kiganja cha kunde kwenye pindo la Bi Shamsia. Akajipa moyo. Akizileta hata hizo chache atakuwa na cha kushika mkononi, na mtu mwenye cha kushika mkononi huweza kusema. Asubuhi alipanda basi la Korogwe.

Bi Shamsia alikuwa nyuma ya stendi, kwenye cherehani yake, akishona sare za shule.

"Wa Handeni," alisema. "Umekuja na maneno?"

"Nimekuja kuulizia zile kunde, Bi Shamsia. Zilizotoka kwenye kibuyu."

"Kunde?" Alifikiri. "Nilizipika. Niliziunga nazi."

"Zote?"

"Zilikuwa kiganja tu, jamani. Ila zilikuwa tamu. Sijawahi kula kunde tamu vile." Alimwona uso, akasimamisha cherehani. "Zilikuwa za nani?"

"Za mke wangu."

"Uliniambia mwenyewe ni wewe."

Bi Shamsia akakanyaga tena cherehani, na mazungumzo yakawa yamekwisha.

Deogratius alishuka Handeni, akalichukua zeze kwa Semboja, akapanda bodaboda amelikumbatia bila kiroba. Watu walimwona. Mlangoni alikuta mzigo wa Yusta umefungwa kwa kitenge, na Yusta mwenyewe ameketi kando yake amevaa viatu. Bibi Emiliana alikuwa kwenye mkeka wake.

Deogratius alipiga magoti, akalilaza zeze mapajani kwa mama yake.

"Mama, shika hiki."

Bibi alipapasa ubao, akapapasa waya, akashangaa. Mkono ukafika kwenye kibuyu, ukashuka kwenye kitako, ukasimama.

"Ni mimi," alisema Deogratius. "Nilikitoa mimi. Sikuwa nachimba msingi Korogwe, nilikuwa najifunza kupiga zeze. Wakakataa kibuyu changu kibichi, nikabadilisha. Yusta hakujua. Hakujua lolote."

Bibi Emiliana alifuata ukingo kwa kidole, pale msumeno ulipopita.

"Umekikata shingo," alisema.

"Ndiyo, mama."

Bibi akafungua ufunguo kwenye kanga yake, akaunyoosha upande ambako alisikia pumzi ya mkwewe. "Mama Dominiko, nimekukosea. Nisamehe, mwanangu."

Yusta aliupokea. "Mama, wewe macho hayaoni," alisema. "Huyu anaona."

Deogratius aliinamisha kichwa. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Kwa hilo hakuwa amejiandaa.

"Ndiyo maana vidole," alisema Yusta, kama anayejisemea. "Nami nikakupulizia." Akalitazama zeze. Halafu akasema, "Piga."

"Nini?"

"Piga nisikie. Nimechekwa kwa ajili yake, acha basi nilijue."

Akapiga. Vidole havikukosea, kwa sababu vidole ni wanafiki, hutulia hata moyo ukiwaka. Yusta alisikiliza mpaka mwisho bila kutingisha kichwa.

"Kumbe unajua," alisema. Akainuka, akaingia jikoni, akatoka na bakuli. Akamwekea miguuni. "Nyumba zote nilizopita na hili, utapita wewe. Utapiga, na utawaambia. Ukimaliza, nitajua kama mzigo huu unafunguliwa au unakwenda Kerenge."

Walianza kwa Kudra. Yusta alibaki nje ya ua, mikono kifuani, mahali pa kusikia. Kudra alikuwa anachambua mchele; alipomwona Deogratius na zeze na bakuli alitaka kucheka, akaona uso wa Yusta nyuma, akaacha.

"Karibu, shemeji. Leo tumeletewa muziki?"

Deogratius alikibana kibuyu kifuani. Moshi wa jiko lake ukamjia puani. Akapiga kidogo, akaimba kwa sauti iliyokwama:

"Mwaka huu nyumbani kwetu kunde zimeharibika..."

Nje ya ua Yusta alikohoa.

Deogratius akakatisha wimbo. Akafuta jasho, akaanza upya, na safari hii hakutazama chini.

"Kibuyu cha mama yangu, nilikiiba mimi.
Kunde za mke wangu, niliziozesha mimi.
Jina mlilompa kisimani, ni langu mimi."

Kudra aliweka ungo chini. Kwa muda mrefu hakujua mikono yake aiweke wapi. Mwisho aliingia ndani, akatoka na konzi ya kunde nyeupe, nzuri, zile ambazo mara ya kwanza alisema hana. Alilipita bakuli la Deogratius bila kulitazama, akaenda mpaka nje ya ua, akazimimina kwenye kanga ya Yusta.

"Shoga, mbona hukusema?"

"Ningesema nini?" alisema Yusta. "Sikuwa najua."

Alifunga zile kunde kwenye pindo, fundo mara mbili. Kisha akamwita mumewe bila kugeuka.

"Twende. Kwa Mama Mikaeli bado."

Deogratius alilibeba zeze begani akamfuata. Alipopita mbele ya nyumba yao alitupa jicho mlangoni. Mzigo ulikuwa palepale, umefungwa.